Maswali ya Wasomaji: Uamuzi Huu wa Chuo Umetoka Meza Ipi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu vyuo vikuu: wazazi, wanafunzi, hata mhadhiri mmoja. Tumechagua saba. Majibu yanaegemea zaidi Tanzania, ambako vyuo vikuu viko chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Pale Kenya au Uganda inapohusika, tumetaja.

SWALI: Barua ya kumpokea binti yangu chuoni imesainiwa kwa niaba ya Makamu Mkuu wa Chuo. Nikauliza Mkuu mwenyewe yuko wapi, nikaambiwa utamwona siku ya mahafali. Sasa nikiwa na lalamiko nimwandikie nani? (Mzazi, Tanga)

Mzazi, cheo hicho kimewachanganya wengi. Kwa mfumo tuliorithi kutoka Uingereza, Mkuu wa Chuo ni kichwa cha heshima. Ndiye anayetunuku shahada kwenye mahafali na jina lake hukipa chuo uzito, lakini hakai ofisini kupitisha bajeti wala kupanga ratiba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata hadhi ya chuo kamili Julai 1970, Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyerere, naye alikuwa Rais wa nchi. Hakuna aliyemtarajia ajue nani amekosa chumba hosteli. Mwaka 2016 nafasi hiyo alipewa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Zanzibar, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) ni Rais wa Zanzibar.

Anayeendesha chuo kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chini yake wako manaibu, mmoja akishika taaluma, mwingine fedha na utawala, na vyuo vikubwa vina wa tatu wa utafiti. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, shika ulimi: huko Mkuu huitwa Chansela na mtendaji ni Naibu Chansela. Kwa hiyo "Naibu" wa Nairobi ndiye "Makamu" wa Dar es Salaam, na "Naibu" wa Dar es Salaam ni mtu wa ngazi ya chini yake.

Juu ya Makamu Mkuu kuna vikao viwili vya kukumbuka. Baraza la Chuo linashika fedha, mali, ajira na mwelekeo wa chuo, na wajumbe wake wengi hutoka nje ya chuo. Seneti inashika taaluma: nani adahiliwe, afundishwe nini, apimwe vipi, apewe shahada gani. Mambo ya binti yako karibu yote yataanzia chini ya Seneti, kwenye idara. Idara ziko chini ya ndaki, ambayo kiongozi wake ni rasi, au chini ya shule kuu, ambayo kiongozi wake ni amidi. Vyuo vingine bado vinasema kitivo. Ukimwandikia Mkuu wa Chuo, barua itashushwa ngazi kwa ngazi mpaka ifike kwa mkuu wa idara ambako ungeanzia, ila itakuwa imechelewa wiki kadhaa. Halafu jambo moja ambalo wazazi hawalipendi: chuo humhesabu mwanafunzi kuwa mtu mzima, kwa hiyo barua iliyoandikwa na kusainiwa na binti mwenyewe hupata majibu haraka kuliko yako.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kwenye mfumo wa matokeo nilikuta GPA (wastani wa pointi) ya 3.8 ya muhula. Wiki tatu baadaye nikafungua tena, 3.4. Nikiuliza naambiwa "Seneti imeshapitisha". Kwani Seneti inakaa kusahihisha mitihani? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

Marahaba. Seneti haisahihishi mtihani wa mtu. Inapokea majedwali yaliyokwisha kupita mikono mingi, na ni kwenye mikono hiyo ndiko unakotakiwa kutafuta.

Alama yako huanza kwa mwalimu wa kozi: kwa kawaida 40 za majaribio na kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho. Huingia kwenye mfumo, hupitiwa na bodi ya idara, huonwa na mtahini wa nje (asiye mwalimu wa chuo hicho), huenda kwenye bodi ya ndaki au shule, kisha kamati ya Seneti, kisha Seneti. Matokeo unayoyaona kabla ya Seneti kukaa ni ya awali, na vyuo huandika hivyo juu ya ukurasa kwa herufi ambazo hakuna mwanafunzi anayezisoma. Hadi hapo yanaweza kubadilika bila mtu kukukosea.

Sasa tuitazame hesabu yako. Tuseme muhula ulikuwa na kozi tano za krediti 12 kila moja (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), jumla 60, na ulipata A, B+, B+, B na B. Kwa mizani yetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Jumla ni 19, mara 12 ni 228, gawanya kwa 60: 3.8. Ili ishuke hadi 3.4 inatosha B+ moja tu kuwa C. Na B+ inakuwaje C ghafla? B+ inaanzia alama 60, C iko kati ya 40 na 49. Ulikuwa na 63. Jaribio moja la alama 15 likidondoka, unabaki na 48. Hilo hutokea hivi: mwalimu anarekebisha alama ya mwanafunzi mwingine, anapakia faili upya, na kwenye faili jipya safu ya jaribio la pili ina nafasi tupu kwenye mstari wako. Mfumo hauoni tupu, unaona sifuri.

Hatuwezi kusema ndicho kilichokupata. Inawezekana pia mtahini wa nje alitaka kozi nzima ipitiwe upya, na hapo utakuta wenzako nao wameshuka. Kwa hiyo waulize kwanza: ukiwa umeshuka peke yako, kuna uwezekano mkubwa ni kosa la kuingiza alama, mkiwa mmeshuka wengi, ni uamuzi wa kikao.

Ni kosa la kuingiza? Nenda kwa mwalimu wa kozi au mratibu wa mitihani wa idara ukaombe mchanganuo wa alama: kila jaribio, kila kazi, mtihani. Uwe na karatasi zako za majaribio zilizosahihishwa. (Mwanafunzi anayetupa karatasi za majaribio kabla ya Seneti kukaa anachoma risiti kabla ya kutoka dukani.) Ukionyesha pengo, andika barua fupi kwa mkuu wa idara: namba ya usajili, msimbo wa kozi, muhula, alama iliyopo na alama inayotakiwa, viambatisho. Nusu ukurasa. Hayo huitwa marekebisho ya alama, na si rufaa. Rufaa ni pale unapodai mtihani wako haukusahihishwa kwa haki. Ina ada, na ina muda unaohesabiwa tangu siku matokeo yalipotangazwa. Wanafunzi wengi huanza na rufaa, hulipa, kisha hujibiwa kwamba mtihani ulisahihishwa sawasawa. Ni kweli, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye mtihani.

Neno "Seneti imeshapitisha" halimaanishi mlango umefungwa. Linamaanisha marekebisho lazima yarudi kwa njia ileile: idara iandike waraka, ndaki iuridhie, Seneti iarifiwe na ikubali. Ndiyo maana huchukua miezi, maana vikao vina kalenda. Mara nyingi kanuni humruhusu mwenyekiti wa Seneti, ambaye ni Makamu Mkuu, kuamua jambo la haraka kwa niaba ya kikao na kulitolea taarifa kikao kinachofuata. Usiombe wewe. Mwombe mkuu wa idara aombe, na umpe sababu: barua ya ajira, dirisha la mkopo, tarehe ya mahafali.

Na uhangaike mapema. 3.5 ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu, na 3.8 ndicho kizingiti cha ajira ya mkufunzi msaidizi. Uliza pia chuo chako kinashughulikiaje desimali, maana vipo vinavyoikata bila kuikadiria; hapo 3.49 ni 3.4, hata ulie.

SWALI: Idara yetu iliandika mtaala wa shahada mpya. Ni mwaka wa pili sasa, umerudishwa mara tatu. Wenzetu wanasema kuna mtu juu hautaki. Ni kweli? (Mhadhiri, Kanda ya Ziwa)

Huenda. Ila hesabu kwanza vikao kabla ya kuhesabu maadui. Mtaala hupita idara, bodi ya ndaki, kamati ya Seneti inayoshughulika na shahada za kwanza, Seneti, kisha unapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kama Seneti yenu inakaa mara nne kwa mwaka na kabrasha, yaani nyaraka zote za kikao, linafungwa wiki mbili kabla, basi waraka uliochelewa siku moja umechelewa miezi mitatu. Ukirudishwa mara tatu, miezi tisa imekwenda bila mtu kukuchukia.

Unarudishwa kwa nini? Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na kazi ni yote: mihadhara, semina, maabara, kujisomea, mtihani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Idara huandika 12 juu ya ukurasa, kisha jedwali la saa chini yake linajumlisha 90. Mjumbe mmoja mwenye kikokotoo akiliona hilo kwenye kozi moja, kikao kizima kinapoteza imani na kozi nyingine 30. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Jumlisheni kila mwaka peke yake, msijumlishe shahada nzima tu, maana mara nyingi mwaka wa kwanza una 132 na wa tatu una 108 na jumla inaonekana safi.

Ya pili ni walimu. Mnaorodhesha majina manane, kumbe watatu wako masomoni na wawili ni wa idara jirani ambao tayari wamo kwenye mtaala mwingine uliopelekwa TCU. Tume huangalia hilo. Wekeni barua za wakuu wa idara hizo, na semeni wazi nani anafundisha kozi ipi.

Ya tatu ni utafiti wa mahitaji ulioandikwa baada ya mtaala. Unajulikana: kila mdau aliyehojiwa amependekeza kozi zilezile, kwa majina yaleyale. Bora ripoti yenye waajiri sita waliosema mambo tofauti na mkaeleza mlichokichukua na mlichokiacha.

Kuhusu mtu wa juu: kama yupo, muhtasari utamwonyesha. Ombeni dondoo ya muhtasari wa kila kikao kilichourudisha mtaala, inayosema sababu. Kikao kikisharekodi sababu tatu na mkazijibu zote tatu kwa jedwali (agizo, tulichofanya, ukurasa), hakiwezi kwa urahisi kuleta ya nne. Mnaporudishiwa kwa mdomo koridoni ndipo sababu huzaliana.

Msikubali kamwe shauri la kudahili wanafunzi "wakati tunasubiri ithibati", yaani kibali cha TCU. Programu isiyo na ithibati haimo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Bodi ya Mikopo haitaitambua, na wanafunzi hao watakuwa mlangoni kwenu na wazazi wao. Ikishapata ithibati wekeni pia kwenye kalenda tarehe ya mapitio, kwa kawaida baada ya miaka mitano. Kazi hiyo huanza mwaka wa nne.

SWALI: Nimechaguliwa kuwawakilisha wanafunzi kwenye Seneti. Kikao cha kwanza nilikaa saa sita, sikusema neno. Wajumbe ni maprofesa watupu. Nifanyeje nisiwe pambo? (Kiongozi wa wanafunzi, Dar es Salaam)

Kura yako ni moja kati ya makumi, na Seneti hupiga kura kwa nadra, hukubaliana. Kwa hiyo silaha yako si kura. Ni karatasi.

Kabrasha linakufikia siku kadhaa kabla, kurasa mia mbili au zaidi. Usianze mwanzo. Fungua kwanza *yatokanayo*, sehemu inayoonyesha maagizo ya kikao kilichopita yametekelezwa vipi. Hapo utakuta mistari kama "suala linashughulikiwa". Huo ndio mstari wako. Suala likiwa "linashughulikiwa" vikao vitatu mfululizo, una haki ya kuuliza, kwa adabu, mbele ya mwenyekiti: linashughulikiwa na nani, na litakamilika lini? Huhitaji hotuba. Tarehe ikishatajwa, hakikisha imeingia kwenye muhtasari. Tarehe isiyoandikwa haikutajwa.

Hoja mpya usiisubirishe hadi *mengineyo*. Ikifika saa hiyo watu wameshafunga mikoba na mwenyekiti atasema iletwe kwa maandishi. Ilete kwa maandishi tangu mwanzo: waraka wa kurasa mbili kwa katibu wa Seneti kabla kabrasha halijafungwa, wenye kichwa, maelezo, na mwisho kabisa sentensi ya kile Seneti inachoombwa kuamua. Viongozi wa wanafunzi huandika kurasa tano za machungu na kusahau sentensi hiyo. Kikao kisichoombwa kuamua kitu "hupokea taarifa", na taarifa ikishapokelewa imezikwa.

Bado, kazi kubwa haifanyiki Seneti kwenyewe. Hufanyika kwenye kamati zake na kwenye bodi za ndaki, na huko pia wanafunzi huwa na nafasi. Ratiba ya mitihani inayowapa watu mitihani mitatu siku moja haibadilishwi na maprofesa sitini; hubadilishwa na watu saba kwenye chumba kidogo wiki nne kabla. Hakikisha nafasi hizo zina watu, na wanahudhuria. Mwakilishi asiyefika mara mbili hukumbukwa kuliko aliyefika mara kumi.

Utaombwa utoke nje wakati mwingine, hasa yanapojadiliwa matokeo ya mtu mmoja mmoja: nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani amedisko (ameondolewa chuoni kwa kufeli). Toka bila kununa. Ni kanuni ya usiri, na siku moja itakulinda wewe.

SWALI: Huku Kenya hatumchagui kiongozi wa wanafunzi moja kwa moja kama zamani. Chuo kilituamulia? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hapana, hilo lilitoka Bungeni. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilirekebishwa mwaka 2016, ikaweka uchaguzi wa wajumbe: kila idara, shule au kitivo huwa kundi la wapiga kura, huchagua wawakilishi watatu wasio wa jinsia moja wote, kisha wawakilishi hao huchagua baraza la wanafunzi ndani ya siku 30. Sababu iliyotolewa ilikuwa fujo, fedha na ukabila kwenye kampeni. Maoni yetu: kuhonga wajumbe mia ni rahisi kuliko kuhonga wanafunzi elfu ishirini, kwa hiyo dawa hiyo ina ugonjwa wake. Anzeni na katiba ya chama chenu. Namna ya kuwagawa wapiga kura, kwa idara au kwa kitivo, imo humo na ndiyo inayoamua ni nani atakayekuwa na wajumbe wengi.

SWALI: Mwaka huu kuna "michango" nje ya ada. Nani alipitisha? (Mzazi, Mbeya)

Ada ya masomo na michango ya chuo hupitishwa na Baraza la Chuo kupitia kamati yake ya fedha. Kwenye vyuo vya umma Serikali nayo ina kauli. Lakini si kila mstari kwenye ankara ni wa chuo. Shilingi 20,000 za uhakiki wa ubora zinaenda TCU, na mchango wa serikali ya wanafunzi ni wa wanafunzi wenyewe. Omba muundo wa ada wa mwaka husika uliochapishwa, ulinganishe na ankara mstari kwa mstari. Mstari usiokuwemo, kiandikie kitengo cha fedha uulize kikao kilichoupitisha na tarehe yake.

SWALI: Rais wa nchi anaweza kufunga chuo kikuu au kufukuza wanafunzi? Au ni kazi ya Seneti? (Msomaji, Kigoma)

Kwa karatasi, kusimamisha masomo na kuadhibu wanafunzi ni kazi ya vyombo vya chuo: kamati ya nidhamu, Seneti, Baraza. Kwa historia, mambo yamekwenda vingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akatangaza palepale kuupunguza mshahara wake, kisha akawarudisha makwao, walikaribia 400. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Uganda, tarehe 1 Novemba 2016, Rais Museveni aliamuru Makerere ifungwe, wakati wahadhiri wamegoma kwa kudai malimbikizo ya posho zao.

Ukitazama matukio hayo mawili utaona kitu kimoja: hakuna kabrasha, hakuna akidi, hakuna yatokanayo. Ni haraka sana. Kufungua tena ndiko kunakorudi kwenye vikao: kalenda mpya ya masomo huandikwa na Seneti, mitihani iliyosogezwa hupangwa na bodi, malipo ya hosteli ya wiki zilizopotea hujadiliwa na Baraza. Na nchini kwetu wakati wa tukio lile la 1966, chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Nyerere huyohuyo. Mzazi wa Tanga aliyeuliza Mkuu wa Chuo yuko wapi, siku ile angempata mlangoni pa Ikulu.